Mrejesho: Mama aliyepata kiharusi, sasa tunamuimbisha

Asalaam alaykum. Niliuliza kama muziki ungemfaa mama, kiharusi kimemfunga ulimi na kumlegeza mguu wa kulia. Mlioniambia tuimbe naye, ahsanteni sana.

Kusema "maji" hawezi, lakini ukimwanzishia taarab ya zamani maneno yanamtoka mazima! Tulivyofahamishwa spitali, kwa watu wengi usemi unategemea ubongo wa kushoto, ila kuimba kunatumia na wa kulia. Basi haja zake tunaziimba: "naa-ta-ka cha-ai", huku namgonga mkono wa kushoto kwa kila silabi. Akiyapata maneno, tunapunguza lahani.

Kutembea, kaka anapiga mdundo wa kidumbaki, ngoma ya Zanzibar, kwenye ndoo, mama anafuatisha hatua. Jirani anatuona wazimu, shauri yake. Dawa za presha anaendelea nazo.

Mwenye rikodi za ngoma za Pemba anitumie.