Mjadala: Je, watoto wenye ualbino warudishwe vijijini kwao au waendelee kulelewa vituoni?

Ndugu wanajamvi,

Naomba tulijadili kwa kina suala ambalo huibuka kila ifikapo Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, kisha likanyamaziwa hadi mwaka unaofuata. Je, watoto wenye ualbino waliokusanywa katika vituo na shule za bweni za Kanda ya Ziwa na Kigoma warudishwe kwa wazazi wao, au waendelee kulelewa huko huko? Nautanguliza msimamo wangu ili atakayepinga ajue anapinga nini: warudi nyumbani, lakini asirudishwe hata mmoja kabla ya kijiji chake kupewa fedha, majukumu na watu wanaojulikana kwa majina watakaowajibika kwa usalama wake.

Kwa wasioikumbuka historia, mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilisakwa kwa imani za kishirikina, yaliposhika kasi kuanzia mwaka 2006 na 2007, watoto walipelekwa kwa dharura mahali penye uzio na mlinzi. Shule za Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu, ambako tayari walikuwa wakisoma watoto wenye ulemavu mwingine, zikajikuta zikipokea idadi ya watoto ambayo mabweni yake hayakujengwa kuihimili. Uamuzi ule uliokoa maisha, na walimu na matroni waliowapokea watoto wale wakiwa na hofu, wengine wakiwa wadogo kiasi cha kubebwa mgongoni, wanastahili heshima yetu. Tatizo ni kwamba hatua ya dharura iligeuka kuwa malezi, na wapo waliokulia humo hadi wakabalehe, huku wazazi wao wakiacha kuja kuwaona, wengine kwa umaskini wa nauli, wengine kwa kudhani kwamba Serikali imekwisha kuwachukua jumla.

Mtoto anayekua hivyo hupata chakula, kitanda na daftari, lakini hukosa mambo ambayo hayagawiwi stoo. Hajui shamba la babu yake linaishia wapi, hajui kumwamkia shangazi kwa lugha ya kwao, na akimaliza shule hana mtu wa kumdhamini kwa kiwanja wala kwa posa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka huo huo, unatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii. Upweke wa kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuwa na nyumbani pa kwenda wakati wa likizo ni madhara halisi, hata kama hayaandikwi kwenye kitabu cha polisi.

Sasa niikabili hoja nzito ya upande wa pili. Wanaotaka vituo vibaki husema kwamba hatari ilitoka nyumbani, na mwaka 2024 kilitokea kisa kinachowapa nguvu: huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa kike mwenye umri wa takriban miaka miwili alinyakuliwa akiwa na mama yake, mwili wake ukapatikana zaidi ya wiki mbili baadaye, na miongoni mwa watu 9 waliofikishwa mahakamani alikuwamo baba yake mzazi pamoja na paroko msaidizi. Baada ya kisa kama hicho, mtu anayesema tu kwamba familia ndiyo kinga ya mtoto hawezi kuaminiwa, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba kila familia ichunguzwe kivyake na afisa ustawi wa jamii, bila haraka na bila kupewa lengo la idadi ya watoto wa kurudisha kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Mtoto ambaye kwao hakuaminiki atafutiwe ndugu mwingine au familia ya kuaminika, na asipopatikana abaki bwenini.

Hata hivyo, wenzetu hao hawajalitazama jambo moja. Miongoni mwa imani zilizozaa balaa hili ni ile inayosema kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hupotea. Tumeing'oa imani hiyo kwa kiasi gani, ikiwa kila mtoto wa aina hiyo anayezaliwa kijijini hupotea kweli machoni pa majirani, akachukuliwa na gari asionekane tena? Majirani hawamwoni akiugua malaria kama watoto wao, akilia, akichapwa kwa utundu, akikua na kuoa. Tangazo la Serikali la mwaka 2015 la kupiga marufuku waganga wapiga ramli lilikuwa la lazima, lakini mteja wa mganga hupungua pale anapoishi jirani na mtoto yule na kumjua kwa jina lake.

Kijiji kinachoweza kumpokea mtoto huyu kinahitaji nini? Nianze na mama, kwa sababu mara nyingi baba humkimbia mara tu mtoto anapozaliwa, akidai kwamba ukoo wake hauna rangi hiyo, ilhali ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mama huyo hubaki na mtoto ambaye hawezi kumwacha peke yake hata kwa muda wa kwenda kisimani, kwa hiyo halimi eka aliyokuwa akilima, na umaskini unafuata. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, ingemfaa sana, ilimradi kaya yake itambuliwe kwenye orodha. Anahitaji mlango wenye komeo la uhakika, namba ya simu ya mtendaji inayopokelewa usiku, na majirani wawili watatu waliokubali mbele ya mkutano wa kijiji kwamba mtoto hatakwenda shule peke yake.

Shuleni, nimewahi kumtazama mtoto mwenye ualbino, ambaye macho yake huona kwa shida, aliyekalishwa dawati la mbele kama inavyoelekezwa, na bado alilazimika kuinuka hadi pua yake ikakaribia ubao, akasoma maneno matatu, akarudi kuyaandika, huku wenzake wakimpigia kelele kwamba anawaziba. Mwalimu angeweza kumwandikia somo kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Hakuwa mkatili, ila hakuwahi kufundishwa. Na jua halina huruma: saratani ya ngozi huwaondoa wengi wangali vijana, ingawa losheni ya kuwakinga hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Ikiwa haifiki zahanati ya kijiji, au ikifika hugawanywa kwa nyumba nzima kama mafuta ya kawaida ya kujipaka, basi bweni litaendelea kuonekana kuwa salama zaidi.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, jambo linalomfungia nje mama aliyetengwa na kijiji kizima.

Kwa hiyo nawaomba wenye uzoefu wachangie kwa mambo waliyoyaona. Mlioko halmashauri, kamati hizo za vijiji zinakutana kweli, na zinakutana kwa bajeti gani? Walimu wa Buhangija, Mitindo na Kabanga, watoto waliokwisha kurejea makwao hufuatiliwa na nani baada ya mwezi wa kwanza? Na wenyewe mliokulia bwenini, ambao mara nyingi tunawajadili bila kuwauliza, mlitaka kurudi?