Naomba ushauri: mwanangu ana ADHD, kambi ya mwaka jana walimrudisha siku ya tatu. Kiangazi hiki nimpeleke wapi?

MamaWawili (Minnesota)

Wanajamvi, habari za saa hizi. Naomba mnisome hadi mwisho. Wenye kejeli mpite tu, jambo hili limenikondesha.

Nina mtoto wa kiume, miaka 8, darasa la pili. Oktoba alipimwa, akaonekana ana ADHD, ile hali ya kutotulia na kushindwa kukaza akili, na kusoma nako kunamsumbua: herufi anazijua, akiziunga neno linamponyoka. Shule imemwandikia IEP, ule mpango wa masomo wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, na tangu Januari anameza dawa kila asubuhi. Darasani ametulia kiasi. Kinachoniuma ni wenzake. Anapenda watu mno, lakini anawakatiza maneno, anachukua zamu isiyo yake, akishindwa mchezo analia au anarusha kitu. Mwaka huu hajaalikwa hata sherehe moja ya kuzaliwa. Juzi alinihesabia kwa vidole watoto wote waliokwenda sherehe ya mwenzao, akiwataja hadi majina ya ukoo.

Kiangazi kilichopita nilimwandikisha kambi ya kutwa, mpira na kuogelea. Siku ya tatu nikapigiwa simu saa nne asubuhi. Nafanya kazi nyumba ya wazee zamu ya usiku, nilikuwa sijalala hata saa moja. Wakaniambia: njoo umchukue, na kesho usimlete. Alimsukuma mtoto kwenye foleni ya maji. Hela haikurudi. Wiki zote zilizobaki alikaa ndani na tableti, mimi usingizi wa mang'amung'amu. Shule ilipofunguliwa Septemba, hata alichokuwa anasoma Aprili kilikuwa kimefutika.

Sasa ni Februari, naambiwa nafasi zimeanza kujaa. Nimeona kambi moja ya watoto kama yeye, wanalala huko huko wiki nne, bei yake siwezi hata kuitaja. Mume wangu ni dereva wa lori, anarudi Ijumaa. Yeye anasema tumpeleke kwa bibi yake Muheza, kule Tanga, miezi yote mitatu, atanyooka. Mawifi nao wimbo ni huo huo. Nifanyeje?

Kijana wa Korogwe

Pole dada. Shemeji kasema kweli, mlete Muheza. Huku watoto wanapanda miembe mpaka jioni wanaanguka usingizini wenyewe. Sisi tulikuwa watundu kuliko hapo, fimbo za bibi zikatutuliza.

Binti Ngamiani

Kaka wa Korogwe, nakujibu kwa heshima. Mimi ndiye nilikuwa mtoto huyo, tena Tanga hapo hapo. Nilichapwa kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, kwa daftari lililosahaulika, kwa kuropoka, kwa kuchungulia dirishani. Daftari niliendelea kulisahau. Nilichojifunza ni kusema uongo haraka. Nimekuja kupimwa nikiwa na miaka 34, nikalia kwenye gari nusu saa nzima.

Dada, kwa bibi aende, amjue bibi yake, ale embe. Lakini aende na wewe, wiki mbili tatu. Asipelekwe kama anayekwenda kunyooshwa, maana atajua. Watoto hawa wanajua.

Mwalimu Zuhura

MamaWawili, nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu shule ya umma hapa Marekani, mwaka wa kumi na moja. Kabla ya kutafuta kambi yoyote, anza na shule yake. Mtoto mwenye IEP anaweza kupewa masomo ya kiangazi bila wewe kulipa senti. Wanaita ESY, yaani mwaka wa shule ulioongezwa. Hapewi kila mtoto. Kikao cha IEP ndicho kinachoamua, na moja ya vigezo vikubwa ni hili: likizo ikiwa ndefu, anapoteza kiasi gani, na inamchukua muda gani kukirudisha? Umeandika mwenyewe kwamba ya Aprili yalifutika Septemba. Huo ndio ushahidi wanaoutafuta. Mwombe mwalimu wake alama za kusoma za mwisho wa mwaka jana na za mwanzo wa mwaka huu, uziweke mezani.

Omba kikao sasa, kwa maandishi. Ukisubiri Mei utakuta wameshapanga walimu na mabasi. Na tazama kama malengo ya IEP yake yanagusa kucheza na wenzake: kusubiri zamu, kukubali kushindwa. ESY hufuata malengo yaliyoandikwa. Kama imeandikwa kusoma tu, kiangazi atafundishwa kusoma tu. Kama Kiingereza cha vikao kinakuchosha, sheria inawataka wakuletee mkalimani, wala usione haya. Hapo Minnesota kuna PACER, kituo cha wazazi wa watoto wenye ulemavu, wako Bloomington, wamewasaidia wazazi tangu 1977. Wapigie wakuelekeze kabla ya kikao.

ESY lakini huwa ya saa chache na wiki chache, kwa hiyo kambi utaihitaji bado. Kuhusu ile iliyomrudisha: sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, haiiruhusu kambi kumkataa mtoto kwa sababu tu ana ADHD. Wanapaswa kufanya marekebisho yanayowezekana, na hawaruhusiwi kukutoza zaidi kwa marekebisho hayo. Zinazoendeshwa na taasisi za dini hazibanwi na kifungu hicho. Na mtoto akiwa hatari ya kweli kwa wenzake hata baada ya kusaidiwa, wanaweza kumtoa. Nakuuliza bila kukulaumu: mwaka jana, hata kabla hajapimwa, uliwaambia hali yake?

Tazama pia kambi za idara ya bustani na michezo ya mji wako. Idara nyingi zina mtumishi wa kuwajumuisha watoto wenye ulemavu, na ukiomba mapema wanaweza kumpa mtu wa kuwa karibu naye. Neno hapo ni mapema.

BabaPacha (Miami)

Mama, wa kwangu sasa ana miaka 12. Akiwa na umri wa mwanao alipita kwenye programu ya kiangazi ya mfumo wa profesa William Pelham, mtafiti wa ADHD. Huyu bwana aliianza mwaka 1980 chuo kikuu cha Florida State, akaendelea nayo Pittsburgh, Buffalo, na mwisho hapa Miami. Amefariki 2023. Nakueleza inavyokwenda kwa sababu hata kama kwenu haipo, utajua kambi nzuri ya watoto hawa inafananaje.

Wiki saba au nane, Jumatatu hadi Ijumaa, kutwa nzima. Watoto kumi na wawili hadi kumi na watano wa rika moja, na vijana wanne au watano wa kuwaongoza. Saa chache ni za darasa, muda mwingi ni michezo, kwa sababu kwenye mpira ndiko ugomvi unakotokea, na ndiko wanakofundishiwa. Mtoto anapata pointi papo hapo kwa kumsaidia mwenzie au kufuata agizo, anapoteza kwa kutukana au kuvunja sheria ya mchezo. Kila jioni anarudi na kadi yenye malengo yake mwenyewe, mawili matatu. Akiyafikia, nyumbani anapata alichoahidiwa. Kila mtoto ana rafiki aliyepangiwa, wanasaidiwa kuujenga urafiki huo. Wa kwangu na rafiki yake wa wakati ule bado wanapigiana simu.

Jambo ambalo sikulitarajia: kila wiki sisi wazazi tulikuwa na darasa letu. Kutoa agizo moja kwa wakati. Kusifu kwa kutaja tendo lenyewe. Kunyamaza pale ambapo zamani ningefoka. Kwa mwanamume aliyelelewa kama nilivyolelewa, lilikuwa darasa gumu. Na nakwambia ukweli, Septemba hatukuendeleza kadi, na ndani ya mwezi mambo yakarudi yalikokuwa. Tulipoirudisha, nyumbani na shuleni, akainuka tena. Kwa hiyo kambi ikikwambia itamponya kwa wiki nne na wewe huna cha kufanya, usitoe hela yako.

Nesi Temeke

Naongezea la dawa. Usimwachishe kwa kuwa shule imefungwa bila kuongea na daktari wake. Kwenye kambi ndiko kuna foleni, kelele na kushindwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1999, watoto 579, uliweka programu ya kiangazi kama hiyo ya BabaPacha ndani ya matibabu ya tabia, na bado dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili zaidi ya mafunzo ya tabia peke yake. Kambini peleka dawa katika chupa yake ya famasi yenye jina lake.

Mkienda Muheza: nyingi ya dawa hizi zinadhibitiwa kimataifa. Chukua barua ya daktari, na ulizia ubalozini masharti kabla ya kukata tiketi.

Mhasibu wa Mbagala

Kwa kifupi, maana wengi hawajui. Kambi ya kutwa, hata ya mpira, inaweza kuhesabiwa kwenye nafuu ya kodi ya malezi ya mtoto wa chini ya miaka 13, iwapo nyote wawili mnafanya kazi. Kambi ya kulala haihesabiwi kabisa. Na wewe unayelala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, saa hizo za kulala mumeo akiwa kazini zinahesabiwa pia. Tunza risiti na namba ya kodi ya kambi, fomu ni 2441.

MamaWawili

Nimesoma zote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mume wangu akiwa kwenye simu huko Nebraska. Nilipofika kwa Binti Ngamiani alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema naye alikuwa anachapwa kwa ajili ya daftari.

Mwalimu Zuhura, jibu ni hapana. Sikuwaambia. Niliogopa hawatampokea.

Mwalimu Zuhura

Wazazi wengi hufanya hivyo, nakuelewa. Safari hii waandikie ukurasa mmoja. Usianze na jina la ugonjwa, anza na mtoto. Anapenda nini, nini humvuruga, dalili gani inatangulia dakika tano kabla hajalipuka, na nini humrudisha. Kisha uliza: kiongozi mmoja ana watoto wangapi? Amefundishwa wiki ngapi? Mtoto akisukuma mwenzie, hatua ya kwanza ni ipi? Wakijibu kwamba ya kwanza ni kumpigia mzazi simu, endelea kutafuta.

MamaWawili

Nimetuma barua shuleni, kikao ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi, mkalimani yupo. Ile ya wiki nne nimeiacha. Mtumishi wa bustani za mji amesema nimletee ukurasa huo wiki hii.

Nimeanza hivi, mnirekebishe: "Mwanangu anapenda mabasi na anajua njia zote za mji huu kwa namba. Akiwa kwenye foleni, mpeni kazi ya kuhesabu watu. Akianza kuvuta kola ya shati lake, hiyo ndiyo dalili, mwiteni kwa jina taratibu mwende mkanywe maji. Akishindwa mchezo atalia. Atakapomaliza kulia atataka kurudi kucheza, naomba mumruhusu."