Ushauri: Niombe uhamisho au niache kazi kabisa? (Nesi, ajira mpya)

Sista_Mgeni:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, matusi sitaki. Mimi ni nesi, nimepata ajira hospitali moja ya wilaya, bado niko kwenye matazamio. Zamu ya usiku kulitokea kitu kidogo cha dawa, mgonjwa alizidiwa ila Mungu mkubwa alipona na karuhusiwa. Tangu hapo silali, nikishika bomba la sindano mkono unatetemeka. Barua ya uhamisho nishaandika. Swali ni moja tu, uhamisho kwenye matazamio unakubaliwa au bora niache nifungue duka la dawa muhimu?

Chapati_Moto:
Umekosea dawa wodini sasa unataka ukakosee kwa rejareja 😂😂

MtuMzima:
Uhamisho sahau. Mimi niliomba kutoka Sumbawanga kurudi Moshi nimfuate mke, ile barua nadhani bado ipo kwenye trei ya afisa utumishi, na mke mwenyewe tulishaachana.

Mama_Wawili:
Manesi wa siku hizi simu mkononi, ukimuuliza kitu anakujibu huku anachati. Zamani uuguzi ulikuwa wito.

Wodi_Namba_Nne:
Acheni kelele. Mdogo wangu, "kitu kidogo" ndio kitu gani? Dawa gani, dozi gani? Huwezi kuomba ushauri umeficha mgonjwa chini ya shuka.

Sista_Mgeni:
Sawa. Ni insulini, ile ya haraka. Daktari wa zamu aliandika 10U, ile U kaifunga juu ni sifuri kabisa, nikasoma 100. Sindano za insulini zilikuwa zimeisha nikatumia bomba la cc 2, nikavuta cc 1, ndio yuniti 100. Baadaye tukamkuta shuka limelowa jasho, anakoroma, ukimwita haitiki, sukari imeshuka mpaka 1.6. Tukampa D50, ile glukosi kali ya mshipa, akafumbua macho. Sasa hapo kosa langu liko wapi, nani anaandika U siku hizi?

Wodi_Namba_Nne:
Kuhusu U uko sahihi, ndio maana tunafundishwa yuniti iandikwe kwa kirefu. Ila dada yangu, chupa ina cc 10, uliona wapi mtu anachomwa sehemu ya kumi ya chupa kwa mpigo? Hata ungesoma sawa, kwenye bomba la cc 2 yuniti 10 ni kamstari kamoja tu, pale hupimi, unakisia. Sindano zimeisha unaazima wodi nyingine. Na insulini inahakikiwa na watu wawili. Nani alihakiki na wewe?

Sista_Mgeni:
Usiku tunakuwa nesi mmoja wagonjwa zaidi ya thelathini, huyo wa kuhakiki natoa wapi? Mimi nimeuliza uhamisho.

Mpelelezi_Taabu:
Wakuu hii ni chai. ID imefunguliwa juzi, uzi wake wa kwanza ndio huu. Mtu kala yuniti 100 chini ya ngozi halafu D50 mara moja akaamka akaenda zake nyumbani? Insulini ile inaendelea kuingia masaa na masaa, lazima angezimika tena. Huyu anakusanya stori za YouTube.

Chapati_Moto:
Nilijua tu. Tangawizi imezidi.

MtuMzima:
Mods ufungeni, mimi nimeshatoa siri za ndoa yangu bure humu.

Sista_Mgeni:
ID mpya kwa sababu ile ya zamani inchaji wangu anaijua. Na alizimika tena ndio, kama saa kumi alfajiri. Tukaweka dripu ya D10, glukosi nyepesi, tukawa tunapima kila nusu saa mpaka vijiti vya kupimia vikaisha, mwanafunzi akakimbilia wodi ya wazazi kuazima. Dripu haikutoka mpaka jioni yake. Stori ya kutunga mtu anaijua hiyo?

Wodi_Namba_Nne:
Mwanafunzi? Si ulisema ulikuwa peke yako?

Wodi_Namba_Nne:
Sista, tunasubiri.

Sista_Mgeni:
Alikuwepo binti wa fildi. Wanafunzi huwa wanajaza prosija zao, kwa hiyo nilimwambia aandike kwenye faili 10 imetolewa na asaini. Chupa ilikuwa mpya, asubuhi wakaona imepungua cc nzima, wakaangalia saini wakakuta ya kwake. Mimi sikusema ni yeye, msinielewe vibaya, nilinyamaza tu na yeye akanyamaza. Chuo kimemrudisha nyumbani. Lakini yeye bado mdogo, mwakani anaanza tena, mimi nyumbani wote wananitegemea.

Wodi_Namba_Nne:
Wakati unavuta hakusema kitu?

Sista_Mgeni:
Aliuliza, "sista, cc nzima?" Nikamwambia aache ujuaji.

Chapati_Moto:
Daah.

Mama_Wawili:
Mimi nina binti anasoma uuguzi Dodoma. Leo akipiga namuuliza kasaini nini.

Bwana_Sheria:
Dada usiandike chochote. Kule Tennessee, Marekani, 2017 nesi alimchoma mgonjwa vecuronium, dawa ya kupooza misuli, badala ya Versed ya kutuliza, alikiri mwenyewe tangu mwanzo, 2022 mahakama ikamtia hatiani, kifungo cha nje miaka 3 na leseni ikaenda. Kukiri ndio kulimponza.

Wodi_Namba_Nne:
Yule mgonjwa wake alikufa, huyu kapona. Na huku kuna mtoto wa watu yuko nyumbani kwa saini aliyoagizwa. Hiyo barua ya uhamisho ichane. Andika maelezo kwa matroni, saa ngapi, kilichoandikwa, ulivyosoma, ulichovuta, nani aliuliza na ukamjibu nini, nakala iende chuoni kwao. Sema na hiyo U, na sindano zilizoisha, na kwamba nesi ni mmoja, yote hayo yana haki ya kuandikwa. Ila Baraza la Uuguzi na Ukunga bora lisikie kwako kuliko kwa mzazi wa binti akiwa na wakili.

Sista_Mgeni:
Nimeanza kuandika. Hiyo ya "acha ujuaji" lazima niiweke?

Wodi_Namba_Nne:
Iweke.

Mpelelezi_Taabu:
Mimi bado nasema chai. Ila lete mrejesho.