Aliyenunua kadi ya chama kwa hofu, naye ana hatia?

Ndugu zangu, kila dikteta anapoanguka hurudi shutuma ileile: wananchi walinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Mimi napinga, na naanza na Malawi.

Enzi za Kamuzu Banda, asiye na kadi ya Malawi Congress Party angeweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Vijana wa chama walikuwa wakikagua. Watu wakanunua kadi, wakashangilia rais alipopita, wakarudi majumbani. Kwa kuwatazama ungeapa nchi nzima ni yake. Halafu tarehe 14 Juni 1993 ikaja kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakaukataa mfumo wa chama kimoja. Ni walewale wa kadi! Mkono usioweza kuukata, ubusu, lakini kuubusu si kuupenda.

Mtaniuliza, mbona Mashahidi wa Yehova waliikataa kadi hiyohiyo? Kweli, na nawaheshimu mno. Walipigwa, nyumba zao zikachomwa, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Lakini kila aliyekataa alijua kwamba wenzake wa ibada nao wanakataa. Ndivyo ilivyokuwa kwa walimu wa Norway mwaka 1942, walipolazimishwa kujiunga na chama cha walimu cha serikali ya Quisling, kibaraka wa Wanazi wa Ujerumani walioikalia nchi hiyo. Maelfu waliandika barua ya kukataa kwa maneno yaleyale, kila mmoja akaweka jina lake. Zaidi ya 1,000 walikamatwa, na mamia yao wakapelekwa Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanyishwa kazi ngumu. Quisling akashindwa. Ujasiri ule ulitoka kwa kushikana, na siwezi kumdai mama aliye peke yake na watoto wake.

Ninayemlaumu ni mchongezi. Mwaka 1989 Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, ilikuwa na wapasha habari zaidi ya 170,000. Hao hawakunyamaza, walisema.

Anayenisumbua ni yule kijana wa mlangoni mwa soko. Kama alimwona bibi hana kadi akageuza uso ili apite, namsamehe leo hii. Kama alimpiga, ashtakiwe, hata kama alitumwa. Ila yuko wa tatu, ambaye hakupiga wala hakupisha, aliwarudisha tu watu nyumbani na vikapu vitupu kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Huyo mnamweka upande gani?