Cheni za tairi kwa pikapu, nani ashatumia?

Sabaki_254
Asalam aleikum wanajukwaa, na wengine hamjambo. Nna Hilux pikapu sio fobaifo, yavuta nyuma tu, tairi 205/70R15. Msimu wa maembe nazunguka huko ndani Marafa mpaka Adu kuchukua mzigo na vuli ikishaanza ni vita, kwenye ule udongo mweusi gari ikiwa tupu yacheza makalio mpaka unasema leo nalala hapahapa, na wenye trekta wakikuona umekwama bei wanaijua wao. Sasa kuna jamaa hapa Malindi anauza spea za Japani ana zile cheni za theluji pea moja, boksi limeandikwa 205/65R16. Fundi mwengine aniambia achana nazo atanichomelea za mnyororo wa kawaida. Je zafaa matope? Zafungwa mbele ama nyuma? Na hiyo 16 si haitaingia?

Gereji_Barani
Waleikum salam. Usiangalie namba ya rimu peke yake bro, cheni haikai kwenye rimu inakaa kwa tairi. Piga hesabu, 205/70R15 kimo chake chote ni kama milimita 668 na 205/65R16 ni kama 673, upana ndio uleule, yaani zinakaribiana sana na cheni ina ndoano za kukazia. Lakini usilipe kabla hujaivalisha palepale dukani, mwenye duka akikataa basi wewe nenda zako. Ikikazwa mpaka ndoano ya mwisho na bado yalegea, iache, maana cheni iliyolegea ikizunguka inachapa mudgadi na paipu ya breki, hiyo si hasara ndogo.

Kabla ya hapo ingia chini ya gari na tochi uangalie nafasi kati ya tairi na chesi na springi na shokabsoba. Pikapu nyingi nafasi ipo ila ukiwa umeweka tairi pana kuliko zile za kampuni unaweza kuta hata kidole hakipiti.

Za kuchomelea mi sizipendi. Watu wanapitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu, siku moja mnyororo unahama unakata nozeli ya upepo na uko katikati ya pori na spea tairi moja.

Mpeketoni_Ndani
Huku kwetu Lamu bara zilitusaidia sana, kisiwani Amu ndio hawana haja, punda hafungwi cheni 😂. Barabara kubwa ya Garsen ishawekwa lami lakini ukichepuka tu kuingia mashambani mambo ni yaleyale.

Ntakwambia ukweli, cheni yafaa pale tope liko juu na chini yake pagumu, ile ya kuteleza tu. Meno yake yanapita lile tope yanafika pagumu yanashika. Lakini udongo mweusi ulioloa mpaka ndani cheni yageuka jembe, unakanyaga mafuta na tairi inajichimbia mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya eksili ya nyuma, inakaa chini, hapo hata uwe na cheni za dhahabu. Na mchangani usizifunge kabisa, mchanga unataka upunguze upepo wa tairi na uende taratibu bila kusimama.

Alafu zile za ngazi, yaani vipande vinavyokatiza tairi, zinatema tope vizuri kuliko zile za umbo la almasi zinajaa.

Mamake_Swaumu
Mie mtu wa Malindi lakini niko Sacramento, California, na mume wangu ana pikapu kwahivo hizi cheni nazijua kwenye kazi zilizoundiwa, theluji. Ukipanda barabara kuu ya I-80 kwenda Tahoe kule milimani wakati wa theluji kuna vituo vya kukagua. Wakitangaza amri ya R2 lazima ufunge, isipokuwa fobaifo yenye tairi za theluji zote nne, na hata huyo lazima awe nazo ndani ya gari. R3 hakuna msamaha, kila mtu afunge, ila mara nyingi wanafunga njia kabla haijafika huko.

Swali lako la mbele ama nyuma, zafungwa kwa tairi zinazovuta. Yako ni nyuma basi nyuma. Ila ujue mbele hakuna kitu kinachoshika, ukiteremka mlima na kukanyaga breki ghafla yaenda moja kwa moja hata ukate usukani. Gari tupu weka magunia ya mchanga juu ya eksili ya nyuma, sio mwisho kabisa kwenye mlango.

Funga kabla hujakwama! Ukishazama utalala kwenye tope unatafuta ndoano ya ndani kwa vidole. Upande wa ndani kwanza kisha wa nje, vichwa vya ndoano vitazame nje visikwaruze ubavu wa tairi, uende mita chache usimame ukaze tena. Mwendo usipite kama 50 kwa saa na ukifika lami vua hapohapo, lami inazikata na zenyewe zinaila lami. Na fanyia mazoezi nyumbani kwenye kivuli, si usiku na mvua inakupiga.

Sabaki_254
Shukran sana nyote, dada wa Sacramento Mungu akuzidishie. Kesho naenda na gari mpaka dukani nizivalishe. Ila Mpeketoni umenitisha na hiyo ya difu, kutoka Marafa kwenda Adu kuna kipande hicho hicho ulichosema, sasa nafanyaje?

Mpeketoni_Ndani
Hicho kipande shuka kwanza utembee kwa mguu na kijiti. Kikizama zaidi ya shubiri bila kugonga pagumu, geuza, uwaambie wenye maembe walete na bodaboda mpaka ulipo. Na beleshi lisikose kwenye gari.

Gereji_Barani
Na ukizivua zioshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi uzipake oili chafu, hewa yetu ya bahari ukiziweka vivi hivi msimu ujao ni kutu tupu.