Chuo kimenirudisha mwaka wa kwanza wa shahada ya uuguzi bila hata kufungua bahasha ya mihtasari ya masomo yangu

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kueleza jambo hili kwa mpangilio ili anayetaka kunisahihisha anisahihishe kwa hoja.

Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Nilisoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, nikafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikapewa leseni, kisha nikafanya kazi miaka sita katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Baadaye halmashauri iliniruhusu kwenda kusoma shahada ya kwanza, ambayo kwa uuguzi hapa Tanzania ni ya miaka minne. Nilijiunga na chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam na kumaliza mwaka wa kwanza wote, mihula miwili, pamoja na mazoezi ya wodini, bila kurudia mtihani hata mmoja.

Mwaka huohuo mume wangu alihamishiwa Kanda ya Ziwa kikazi. Tuna watoto wawili na mdogo bado ananyonya, kwa hiyo niliomba kuhamia chuo kikuu kilicho karibu na makazi yetu mapya, chenye shahada ileile, kilichoidhinishwa na Tume ileile ya Vyuo Vikuu, kinachoandaa wauguzi watakaosajiliwa na Baraza lilelile. Niliambiwa nilete barua ya chuo ninachotoka kuonyesha kwamba hakina pingamizi, hati ya matokeo, barua ya mwajiri, vyeti vyote tangu kidato cha nne, leseni, na muhtasari wa kila somo nililosoma, ukiwa na muhuri na ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Kupata mihtasari hiyo peke yake kulinichukua wiki tano, kwa sababu wahadhiri wawili walikuwa likizo na mkuu wa idara hakukubali kugonga muhuri mpaka saini zote zitimie. Nililipa ada ya maombi, nikawasilisha kila kitu kwa mkono, na ofisa aliyepokea akaniambia mbele ya mume wangu: “Dada, wewe utaingia mwaka wa pili, labda ufidie somo moja au mawili.” Kwa kauli hiyo tuliachia nyumba Dar es Salaam, tukasafirisha vyombo, nami nikalipa sehemu ya ada.

Barua ya udahili ilikuja wiki moja kabla ya muhula kuanza. Ilikuwa na mistari minne, na mstari wa tatu ulisema nimekubaliwa kujiunga na mwaka wa kwanza. Haikutaja sababu, haikutaja somo lililopungua, wala haikusema nani ameamua na kwa kigezo gani.

Nilikwenda idarani kuuliza. Nilijibiwa kwamba masomo yangu “hayalingani”, kwa kuwa kwao anatomia na fiziolojia ni masomo mawili na kwenye hati yangu yameandikwa kama somo moja lenye sehemu ya kwanza na ya pili. Nikasema kwamba jina la somo si somo, na kwamba mada zote, saa za darasani na saa za maabara zimeandikwa kwenye mihtasari niliyoleta. Nikaomba tuifungue tuitazame pamoja. Jalada langu likatafutwa, likaletwa, na bahasha ikatolewa. Lakiri ya chuo changu cha zamani ilikuwa haijaguswa. Hakuna mtu aliyewahi kuifungua, na bado uamuzi wa kwamba masomo hayalingani ulikwishatolewa na kutiwa saini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kama mihtasari yangu ingesomwa kisha nikakataliwa, ningesononeka lakini ningekuwa na cha kujibu.

Kwa wasioufahamu utaratibu, naomba nieleze kinachotupwa hapa. Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, ikijumuisha mihadhara, maabara, mazoezi ya vitendo na kujisomea. Mwaka mmoja kamili una krediti 120, maana yake saa 1,200. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, navyo huhesabu krediti hivyohivyo, saa 10 kwa krediti moja, na haikutokea kwa bahati: hesabu ni moja ili mtu anayetoka ngazi moja kwenda nyingine, au chuo kimoja kwenda kingine, aweze kuonyesha alichokwisha kukisoma kwa kipimo ambacho kila upande unakitambua. Tume ya Vyuo Vikuu iliyoanza kazi mwaka 2005 ina mwongozo wa kulimbikiza na kuhamisha krediti kati ya vyuo. Chuo kina haki ya kulinganisha, kukubali baadhi na kukataa baadhi, lakini kulinganisha ni kazi inayofanywa kwa kusoma karatasi mbili zikiwa mezani, na haiwezi kufanyika kwa kutazama majina ya masomo kwenye hati ya matokeo.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda wetu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa Kampala aweze kuendelea na masomo Nairobi au Dar es Salaam na alichosoma kitambuliwe. Mimi sijavuka mpaka wowote. Nimetoka Dar es Salaam kwenda Kanda ya Ziwa, ndani ya nchi moja, na krediti zangu zimefia njiani. Kenya, muuguzi mwenye stashahada anayerudi kusoma shahada huweza kupokelewa katika programu ya kujiendeleza inayochukua takriban miaka miwili na nusu, kwa kuwa wanakubali kwamba huyu mtu tayari ni muuguzi. Hapa kwetu mara nyingi mwenye stashahada tunamweka dawati moja na kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi, na mimi nililikubali hilo bila kunung'unika nilipoanza Dar es Salaam. Ila sasa naambiwa nikubali hilo kwa mara ya pili.

Naomba mnielewe vizuri. Sisemi kwamba uzoefu wa wodini unatosha kuwa shahada. Mwaka wa kwanza ulinifundisha mengi niliyokuwa nikiyafanya kwa mazoea bila kujua sababu zake, hasa upande wa fiziolojia na mikrobiolojia, na nilitoka nikiwa mkunga bora zaidi. Chuo kinachotoa shahada kwa jina lake lazima kijiridhishe, kwa sababu mwisho wa yote kuna mama amelala kitandani anavuja damu na mtu aliyeshikilia cheti hicho ndiye atakayeitwa. Kama wana shaka na anatomia yangu, wanipe mtihani wao wa mwisho wa muhula, hata kesho asubuhi, na nikishindwa nitakaa mwaka wa kwanza bila neno. Nilipendekeza hivyo idarani. Nilijibiwa kwamba utaratibu huo haupo.

Jambo jingine ni chungu kulisema, lakini nitalisema. Katika miaka yangu ya wodini nimepokea wanafunzi wa shahada wa vyuo mbalimbali waliokuja kwa mazoezi, kikiwamo chuo hikihiki. Niliwaelekeza kujaza patografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu wa uzazi, kupima mlango wa kizazi, kumpokea mtoto na kumhudumia mama katika saa ya kwanza baada ya kujifungua, kisha nikatia saini kwenye madaftari yao ya mazoezi, na chuo kikazikubali saini zangu kama ushahidi kwamba wanafunzi wake wameiva. Leo chuo kilekile kimenipangia muhula mzima wa kujifunza kutandika kitanda cha mgonjwa na kupima presha.

Gharama yake si uchovu tu. Ruhusa yangu ya masomo ilitolewa kwa miaka minne na mmoja umekwisha. Nikianza upya nitahitaji minne mingine, na halmashauri imeshaniambia kwamba kuongeza muda kunahitaji maelezo ya maandishi ya chuo, yaani sababu zilezile ambazo chuo kinakataa kuziandika. Bila nyongeza hiyo nitatakiwa kurudi kazini nikiwa mwaka wa tatu, au nikae nje ya kituo nihesabiwe mtoro. Na wodini kwangu pengo nililoacha halijazibwa. Wenzangu wanabeba zamu zangu za usiku wakijua ninarudi baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo nimeandika rufaa kwenda Seneti ya chuo, na nakala itakwenda Tume ya Vyuo Vikuu na kwa mwajiri wangu. Ninachodai ni mihtasari yangu isomwe na mtu anayefundisha masomo hayo, nipewe jibu la maandishi somo kwa somo, na pale panapopungua niambiwe kimepungua nini ili nikifidie. Naomba pia, kwa faida ya wauguzi wanaokuja nyuma yangu, chuo kimwambie mwombaji kwa maandishi ataingia mwaka gani kabla hajaacha nyumba na kulipa ada, badala ya kumpa kauli ya dirishani ambayo baadaye hakuna anayeikumbuka.

Rufaa naipeleka Jumatatu. Kama kuna muuguzi humu aliyewahi kuhama chuo akiwa na krediti za mwaka wa kwanza au wa pili na zikakubaliwa, naomba anieleze aliambatanisha nini, nani alikaa kulinganisha masomo yake, na ilichukua muda gani mpaka akajibiwa. Muhula umeshaanza, na kwa sasa ninahudhuria mihadhara ya mwaka wa kwanza ili nisije nikaambiwa nimejiondoa mwenyewe.