Nota za mzee kwenye kompyuta: wapi niiachie programu, wapi nishike mwenyewe?

Mwalimu_wa_Zamu:
Tumsifu Yesu Kristo walimu, na wengine habari za jioni.

Nafundisha kwaya parokiani. Mzee wetu aliyetutungia nyimbo tangu enzi za stensili ametukabidhi madaftari yake tuyachape kitabu. Kazi nimeangushiwa mimi kwa kuwa ndiye mwenye laptop. Nilikuwa mtu wa Finale, programu ya kuandika nota, lakini wenye nayo, MakeMusic, walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena, basi nahamia MuseScore, programu ya kazi hiyohiyo ambayo ni ya bure.

Programu si tatizo. Nilichapa wimbo mmoja nikampelekea mzee. Kauangalia weee, kisha akasema: "Nota ziko sawa, ila wimbo hausomeki." Akafungua daftari lake nikaelewa. Kwake mstari unaishia pale waimbaji wanapovuta pumzi, na neno refu limepewa nafasi yake. Kwangu mashine imepanga baa (vile vipande vya mapigo) nne nne kila mstari, kiitikio kimekatwa katikati ya sentensi, na shairi la tatu limebanana na mikia ya nota za sauti ya tena.

Nikinyoosha kila kitu kwa mkono, kitabu kitatoka lini? Nikiiachia programu, mzee hatakubali. Wenye uzoefu mnafanyaje? Naomba kuwasilisha.

Dogo_Sibelius:
Mwalimu unajitesa. Siku hizi unapiga picha daftari, programu inasoma, unasahihisha kidogo, imeisha hiyo.

Karani_wa_Nota:
Milele amina.

Dogo, hizo zinasoma kilichochapwa. Audiveris kwa mfano inafaa kwa kitabu cha kiwandani kilichonyooka. Mwandiko wa mzee, tena wa kalamu iliyovuja, itakuletea takataka ambazo kuzisafisha ni kazi kuliko kuandika upya.

Mwalimu, mzee wako ana jicho. Waliotengeneza LilyPond, programu nyingine ya kuchapa nota, waliandika jambo hilohilo. Walichukua suiti za Bach za cello katika toleo la wachapishaji Bärenreiter la mwaka 1950, lililochongwa kwa mkono, wakaliweka kando ya toleo la kompyuta la mwaka 2000. La kompyuta limenyooka mno: mistari ya baa imepangana juu chini kama gridi, kila mstari unafanana na wenzake, mpigaji akiinua macho kidogo hajui arudi wapi. Lile la mkono kila mstari una sura yake, na jicho linarudi lenyewe. Na usidhani wale mafundi walikuwa na muda wa kuchezea. Walichonga kwenye bamba la chuma laini, kinyumenyume, nota wakizigonga kwa mihuri ya chuma kigumu. Ukikosea unaligonga bamba kwa nyuma lisawazike, ndipo uchonge tena. Kwa hiyo walipanga kwanza kila mstari uishie wapi, ndipo wakaanza kuchonga.

Wewe fanya hivyohivyo. Kabla ya kugusa kibodi, chukua penseli uweke alama kwenye fotokopi ya daftari: hapa mstari unaisha, hapa ukurasa unaisha. Ukishaingiza nota na maneno, lazimisha mistari ikatike hapo. Kazi hiyo haifiki robo saa kwa wimbo, na ndiyo inayobadilisha kila kitu. Nafasi kati ya nota na nota iachie programu. Inajua kwamba nota ya mapigo mawili haihitaji nafasi mara mbili ya ile ya pigo moja, na wewe ukianza kusogeza moja moja utaharibu. Umbali wa mashairi na mistari ya nota urekebishe mara moja kwenye mipangilio ya mtindo ya programu, uuhifadhi, kisha uutumie kwa kitabu kizima.

Tena_Pekee:
Samahani, naona mnapamba. Nusu ya kwaya zetu wanaimba kwa kukariri, wengine solfa (do, re, mi). Nani anaangalia mstari umekatika wapi? Maneno yasomeke, basi.

Karani_wa_Nota:
Anayekariri ndiye anayefuata maneno, mkuu. Ukimkatia sentensi katikati ndiye wa kwanza kupumua pasipo pake.

Kinanda_Loft:
Nisemee wapiga kinanda. Kugeuza ukurasa! Mikono miwili iko kazini na miguu pia. Ukurasa uishe penye pumziko, au wimbo mzima ukae kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Programu itakata popote nafasi ilipoisha.

Mwalimu_wa_Zamu:
Asanteni sana. Karani, swali jingine. Nimejaribu kifaa cha kukata maneno kwa silabi, kimenipa "Mwan-a-kon-doo". Halafu kuna baa kwenye daftari ina mapigo matatu tu na wimbo ni 4/4, yaani manne kila baa. MuseScore imejaza pumziko yenyewe.

Karani_wa_Nota:
Vifaa vingi vya namna hiyo vinakata kwa kanuni za lugha za watu. Sisi silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo Mwa-na-ko-ndo-o. Hiyo andika kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Angalia pia pale mzee alipobana irabu mbili chini ya nota moja, "na u-" kwa mfano. Ziunganishwe kwa kile kitao kidogo, la sivyo soprano watatafuta nota ambayo haipo.

Hiyo baa usiikubali kimyakimya. Programu inaona hesabu haijatimia inaweka pumziko, lakini huenda mzee alisahau nukta tu na alitaka sauti ivutwe. Pumziko na kuvuta ni nyimbo mbili tofauti. Nenda ukamuulize, uimbe mbele yake kwa njia zote mbili. Andika maswali yote kwenye karatasi moja uende nayo, usimsumbue kila siku.

Alto_Mstaafu:
Wanangu, mmeongea yote mkasahau macho yetu. MuseScore ukiiacha ilivyo, mistari mitano inachukua milimita 7 kwa urefu. Vizuri. Mkifika steshenari mnamwambia kijana atoe kurasa mbili kwenye A4 moja ili kuokoa karatasi, milimita 7 zinakuwa 5, na maneno yanapungua vivyo hivyo. Misa ya alfajiri, taa moja, mimi naona chungu tu. Kama kitabu ni A5, mpange A5 tangu mwanzo kwenye programu, na mchape ukurasa mmoja wa majaribio mkausome kanisani, si kwenye kioo cha laptop.

Mwalimu_wa_Zamu:
Shikamoo mama. Hilo la A5 sikuwa nimelifikiria, na ndiyo saizi waliyoagiza. Jumamosi naenda kwa mzee na karatasi ya maswali. Mafaili ya Finale niliyonayo nayatoaje?

Karani_wa_Nota:
Toa yote kwa MusicXML, aina ya faili ambayo programu nyingi za nota zinaisoma, wakati Finale bado inafunguka kwenye mashine yako. Nota na maneno yatahama, mpangilio mwingi utapotea, hivyo toa na PDF uwe na cha kulinganishia. Madaftari yenyewe yapige skani hata kama hayaingii kitabuni.

Alto_Mstaafu:
Marahaba. Na jina la mzee liwekwe kwenye kila wimbo, juu kulia, si kwenye jalada peke yake. Kwaya za jirani zitatoa fotokopi ya wimbo mmoja mmoja, na jalada halitafuatana nao.